Difu ya Mbele

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa mwaka mmoja na miezi minne, na ilifikia mwisho katika gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, mbele ya difu ya Landrova iliyolazwa juu ya gunia. Siku hiyo mimi na mdogo wangu tulikwenda kuchagua kati ya vyuma viwili. Tulichagua, tena vizuri; lakini kabla ya kuchagua ilinibidi niseme jambo ambalo nilikuwa nimelimeza muda wote huo. Nalieleza hapa kwa kuwa naamini uchaguzi wa namna hii huwafikia hata watu ambao hawajapata kushika spana maishani mwao.

Landrova yenyewe ilikuwa ya marehemu baba. Ni pikapu ya mia na tisa, ile Siriz Tatu iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Baba aliinunua ikiwa tayari imekwisha kuzeeka. Alipofariki mwaka 1995 alituachia watoto watatu: mimi niliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, mdogo wangu aliyekuwa dereva, na dada yetu kitinda mimba. Kazi ya gari ilikuwa kupanda na kushuka vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa, kutoka Njia Nne hadi Kipatimu na vijiji vya pembeni. Ni vilima vile vile ambako mwaka 1905, katika kijiji cha Nandete, watu waling'oa pamba na vita vya Maji Maji vikaanza. Landrova ilipandisha chumvi, sabuni na mabati. Ilishusha machungwa, ndizi na ufuta. Na ilibeba wagonjwa, ambao hawakuwa na ratiba.

Ili msomaji asiyejua magari anifuate, sina budi kueleza difu ni nini. Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Landrova yetu ina takribani mita 1.3 kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Likizunguka duara zima, gurudumu la nje hulitangulia la ndani kwa mita 8 hivi. Kwenye kona ya robo duara, mita 2. Kama magurudumu hayo yangeunganishwa kwa chuma kimoja, lazima mojawapo lingeburutwa. Difu ni lile tufe la katikati ya ekseli lenye gia ndogo ndani yake, ambazo huliruhusu kila gurudumu liende kwa mwendo wake huku yote mawili yakipata nguvu ya injini. Fundi saa mmoja wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, aliipatia hati ya ubunifu katika miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke, muda mrefu kabla ya motokaa ya petroli kuzaliwa.

Lakini difu ina kasoro moja ambayo kila dereva wa matope anaijua. Hugawa nguvu sawasawa, na kwa sababu inagawa sawasawa, haiwezi kulipa gurudumu lililoshika ardhi nguvu kubwa kuliko ile inayopokelewa na lile lisiloshika. Gurudumu moja likining'inia hewani au likikaa kwenye utelezi, litazunguka kama feni, na mwenzake aliye pakavu atasimama tu akitazama. Kwa maneno mengine, aliye dhaifu ndiye anayeamua kwa niaba ya wote wawili.

Usiku mmoja wa Aprili 1998 kasoro hiyo ilitufikia. Ulikuwa msimu ule wa El Niño. Mvua zilikuwa zimeanza tangu mwishoni mwa 1997 na barabara ya kusini ilikuwa imegeuka mto. Dada yetu alishikwa na uchungu usiku katika kijiji cha juu. Mdogo wangu alimchukua yeye, mkunga na wanaume wanne wenye majembe, wakaelekea Kipatimu hospitalini. Mimi nilikuwa shuleni kwangu, mbali, haya niliyasimuliwa. Kwenye korongo moja Landrova ilikaa mshazari: gurudumu la mbele kushoto likawa hewani, la nyuma kulia likawa kwenye tope la mfinyanzi. Hapo ilikuwa tayari imeingizwa fowili, na habu zimefungwa. Magurudumu mawili yakazunguka, mawili yakasimama. Walichimba, wakakata matawi, wakaweka mawe, wakasukuma. Walitoka baada ya saa nne. Dada aliokoka. Mtoto, mvulana, hakuokoka.

Hakuna aliyetuambia kwamba zile saa nne ndizo zilizomwua. Mkunga alisema huenda ilikuwa imekwisha andikwa hata kabla ya korongo. Lakini mdogo wangu hakuwahi kuniuliza mkunga alisema nini. Alichokumbuka yeye ni mlio wa gurudumu la kushoto likizunguka gizani bila kushika kitu, na sauti ya dada nyuma.

Kiangazi kilipofika alitoa difu ya mbele akaipeleka kwa mchomeleaji. Zile gia ndogo za ndani zikachomelewa zikawa kitu kimoja. Njia hii ni ya kale na ni rahisi kuliko zote. Hugharimu vijiti vichache vya kuchomelea na nusu siku ya umeme. Tangu hapo magurudumu yote mawili ya mbele yalizunguka pamoja, yapende yasipende. Nilipomwambia kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona, alinijibu bila kuinua uso, "Kaka, sitaki tena gurudumu liniambie kwamba halitaki."

Ningesema nini? Na kwa haki ya mdogo wangu, masika ya 1999 yalimpa ushindi. Landrova ilipanda pale ambapo malori yalilala siku mbili. Watu walimsifu, na mimi pia nilimsifu. Tena alikuwa na hoja ya kifundi iliyo nzito. Baba alikuwa ameifungia Landrova zile habu za mbele zinazogeuzwa kwa mkono. Ukizifungua, magurudumu ya mbele huwa huru kabisa, hayana habari na difu wala shafti. Kwenye barabara kavu, basi, hata kama difu imechomelewa haikusumbui. Ukifika kwenye tope, unashuka, unageuza habu ya kulia, unageuza ya kushoto, unapanda, unaingiza fowili, unakwenda. Ndiyo maana, alisema, ni afadhali kuiua difu ya mbele kuliko ya nyuma, kwa kuwa ya nyuma haina habu za kufungua. Ingelamba tairi kila siku ya Mungu.

Gharama zilikuja polepole. Kila habu zikiwa zimefungwa, usukani ulikuwa mzito kama wa lori lililobeba saruji. Krosi za shafti za mbele zilivunjika mara mbili, kwa sababu gurudumu moja likibanwa kwenye jiwe na jingine likiwa hewani, nguvu yote ya ekseli humwendea mmoja peke yake. Mdogo wangu akaanza kulalamika bega. Lakini aliamini hizo ni bei za halali.

Sasa nafika kwenye jambo langu. Mwezi Aprili 2000 mdogo wangu aliugua malaria, na machungwa yalikuwa yameshachumwa. Ilikuwa likizo, nikachukua usukani. Tulipanda salama. Wakati wa kushuka mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Nyuma kulikuwa na magunia na vijana wawili. Mbele, pembeni yangu, alikaa bibi mmoja aliyekuwa akienda kumwona mwanawe Somanga. Tulikuwa tumepita sehemu mbaya ya juu na njia mbele yangu ilionekana nzuri. Nikatoa fowili kwa kuvuta kijiti, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Habu sikuzifungua. Nilijua ziko nje, kwenye magurudumu, na nje kulikuwa na mvua, na shati langu lilikuwa jipya. Nikajiambia kwamba kutoa fowili kunatosha.

Hakutoshi. Kijiti kile hukata nguvu ya injini isifike mbele, basi. Hakiyatenganishi magurudumu. Kama habu zimefungwa na difu imechomelewa, magurudumu mawili ya mbele yanabaki yamefungwa nira moja, injini iwe inayavuta au isiyavute. Tulipofika kwenye kona ya kulia penye mfinyanzi uliolowa, nilikata usukani. Lile gurudumu la nje lilitaka mita zake mbili za ziada na la ndani halikukubali kumwachia. Yote mawili yakaanza kuteleza, na tairi likishaanza kuteleza halishiki tena upande wowote. Usukani ulikuwa umegeuka kulia na Landrova ikaenda moja kwa moja mbele, taratibu, kama ng'ombe asiyemsikia mchungaji. Tukatoka njiani, tukashuka hatua kumi hivi, tukagonga mwembe.

Vijana waliruka mapema. Mimi nilipasuka mdomo. Yule bibi alivunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko.

Jioni ile nilimwambia mdogo wangu, "Difu yako ndiyo iliyotupeleka porini." Aliniuliza swali moja tu: "Habu zilikuwa wazi?" Nikamjibu kwamba zilikuwa wazi. Sijui hata leo kwa nini jibu lilitoka haraka hivyo. Kama alikuwa na shaka, hakuionyesha. Mtu ambaye hufundisha watoto kwamba ukweli ni ngao hapaswi kuulizwa mara mbili.

Uongo huo ulifanya kazi ambayo sikuituma. Nilidhani utanikinga mimi tu; kumbe ulimwelemea yeye. Alianza kuamini kwamba ile difu inaweza kumsaliti hata habu zikiwa wazi, jambo ambalo haliwezekani, na akawa analala chini ya gari akitafuta ugonjwa usiokuwapo. Alibadilisha beringi zilizokuwa nzima. Alikaza nati zilizokuwa zimekazika. Na mimi nilimshikia taa.

Mwezi Julai 2001 pale palipochomelewa palikatika penyewe. Vipande vya chuma vikaingia kati ya meno ya gia vikayasaga. Sasa ilikuwa lazima kununua, si kuchomelea. Tukaitoa difu, tukaifunga kwenye gunia, mwezi wa Agosti tukapanda basi na kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, maana Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Njiani hatukuzungumza sana. Mdogo wangu alikuwa na fedha za ufuta kifuani, na mimi nilikuwa na jambo langu kifuani.

Fundi tuliyemwendea alikuwa mzee wa makamo ya baba yetu. Tulimwamkia, akaitikia, akakagua meno yaliyosagika kwa kidole kama mtu anayepapasa fizi za mtoto. Kisha akatuwekea vitu viwili juu ya meza.

Cha kwanza kilikuwa spuli. Ni kipande kimoja cha chuma kigumu kinachokaa mahali pa gia zile ndogo. Hakina kinachozunguka ndani yake, hakina springi, hakina cha kulika. Kazi yake ni ile ile ya difu iliyochomelewa, isipokuwa hiki kimetengenezwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo hakikatiki hovyo. Bei yake mdogo wangu angeilipa pale pale na kubakiwa na nauli.

Cha pili kilikuwa difu loki ya upepo, kuukuu, iliyotolewa kwenye Landrova moja ya kubeba watalii iliyokuwa ikivunjwa spea. Hiyo ni difu kamili, yenye gia zake zote. Lakini ndani yake mna pete ya chuma. Dereva akibonyeza kitufe, pampu ndogo ya umeme husukuma upepo kupitia mpira mwembamba, upepo huisukuma pete, na pete huyafunga magurudumu mawili yawe kitu kimoja. Akibonyeza tena, upepo hutoka, springi huirudisha pete, difu inakuwa difu. Bei yake ilikuwa mavuno yetu ya ufuta ya misimu miwili, na tulikuwa na mmoja.

Tulimwuliza kama hakuna ya tatu. Akasema ipo, ile inayojifunga yenyewe: ukikanyaga mafuta inafunga, ukiachia kwenye kona inalegea. Nyuma ni nzuri, alisema. Mbele huushtua usukani mikononi mwa dereva asiyeizoea, na kwenye mteremko unaoteleza hakuna anayetaka kushtuliwa.

Mdogo wangu akanyoosha mkono kwenye spuli. "Hii," alisema. "Haina cha kuharibika. Hiyo nyingine mpira ukitoboka, au pampu ikifa, inafunguka yenyewe. Siyo, mzee?"

"Ndiyo, inafunguka."

"Basi usiku huo tutakuwa pale pale tulipokuwa."

Mzee hakujua ni usiku gani, lakini alielewa kwamba ni usiku fulani. Alinyamaza kidogo. Akasema kwamba yeye amewahi kufanya kazi Kenya, akayatengeneza magari ya mashindano ya Rhino Charge, yale yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za uzio wa msitu wa Aberdare. Magari hayo hukata pori na makorongo kutafuta vituo 13 kwa siku moja, na anayeshinda ni yule aliyetumia njia fupi. "Kule," alisema, "gari linatafuta siku moja. Likivunjika jioni, limekwisha maliza kazi. Ninyi gari lenu litarudi kesho. Sasa niambieni, nani anaendesha?"

"Mimi," akasema mdogo wangu.

"Siku zote?"

Hapo ndipo njia yangu ilipokwisha. Ningeweza kukaa kimya. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Lakini niliona waziwazi kwamba mdogo wangu anataka kununua chuma kwa kuutegemea uongo wangu, au anakaribia kukikataa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa vyovyote, fedha za ufuta zilikuwa zinatoka kwa hesabu ambayo mimi niliiharibu. Nikasema, "Si siku zote. Siku ile ya mwembe niliendesha mimi, na habu sikuzifungua. Nilikuambia zilikuwa wazi. Hazikuwa wazi."

Gereji ina kelele, lakini nilijisikia kana kwamba nyundo zote zimesimama. Mdogo wangu alinitazama muda mrefu. Nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru. Alisema tu, "Kumbe hukushuka."

"Sikushuka. Mvua ilikuwa inanyesha."

Akageuka akaitazama difu iliyosagika. Kisha akauliza jambo ambalo mimi, kwa muda wote ule wa kujihurumia, sikuwahi kuliwaza: "Na yule bibi, amejua?"

Hakuwa amejua.

Yule mzee aliendelea na kazi yake kama vile hakusikia kitu, ambayo ni adabu ya mafundi wazuri. Baadaye akasema, akiigusa spuli, "Wanangu, kila chuma kinamdai dereva kitu. Hiki kinadai ushuke kwenye matope kila mara, kulia na kushoto, uwe umechoka, uwe unaumwa, uwe na mgonjwa nyuma. Ukishuka, hakina ubaya hata kidogo." Akaigusa ile ya upepo. "Hii inadai uikague mapema, ukiwa mkavu, mchana, hujachoka. Ukiifunga, ni spuli tu, nayo itavunja krosi vile vile ukiifunga kwenye kona. Ukiifungua, ni difu. Mnacholipia ni ile nafasi ya kuifungua."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Tulikuwa tumekwenda Gerezani tukiulizana chuma kipi kina nguvu zaidi, na kwa swali hilo spuli hushinda bila ubishi. Swali la mzee lilikuwa jingine: ni nani atakayekuwa usukanini, saa ngapi, akiwa amechoka kiasi gani. Barabara yetu si kavu wala si tope; katika kilomita moja ni vyote viwili mara tano. Kwenye barabara ya namna hiyo, kifaa kinachotegemea mtu ashuke kwenye mvua mara tano kinategemea kitu ambacho mimi mwenyewe, kwa sababu ya shati, sikukitoa hata mara moja.

Na kuna jambo la pili. Kitu kisichokubali kupinda hakiondoi haja ya kupinda, humhamishia mwingine. Difu ilipokataa, tairi liliburutwa. Tairi lilipokataa, krosi ilivunjika. Krosi iliposhika, bega la mdogo wangu liliuma, na siku moja mkono wa bibi wa watu ukavunjika. Lazima pawepo mahali pa kulegea. Mwenye busara hupachagua mwenyewe, badala ya kungoja paamuliwe na kona.

Lakini sitaki msomaji adhani kwamba mdogo wangu alikuwa mjinga na mimi nilikuwa na hekima. Ile hofu yake ya mpira kutoboka haikujibiwa na mtu yeyote siku ile, wala haina jibu. Kitu kinachoweza kufunguka kinaweza kufunguka wakati usiotakiwa. Yeye ndiye aliyekubali kuibeba hofu hiyo. Alisema, "Tuchukue ya upepo. Mpira wa akiba tuchukue mitatu." Fedha iliyopungua tuliahidi kuilipa baada ya msimu, na mzee akatukubalia kwa neno tu, jambo ambalo sikustahili kwa siku kama ile.

Tangu hapo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini mdogo wangu aliwasha pampu, akabonyeza kitufe, akalala chini kusikiliza kama kuna upepo unaovuja, na akapaka mipira povu la sabuni atafute viputo. Aliwafundisha wote walioendesha gari lile, mimi nikiwa wa kwanza, kanuni zake tatu: funga kabla hujakwama, si baada ya kukwama, usikate kona kali ukiwa umefunga, ukitoka tu kwenye tope, fungua. Difu ya nyuma tuliiacha kama ilivyotoka kiwandani. Alisema inatosha ekseli moja isiyodanganywa na gurudumu moja.

Mpira ulitoboka mara mbili. Mara moja ulikuwa mchana, hapakuwa na mgonjwa. Mara ya pili ulikuwa usiku, na mgonjwa alikuwapo. Mdogo wangu aliubadilisha kwa mwanga wa kurunzi kwa muda wa nusu saa, mikono yake, kama alivyoniambia, ikitetemeka kuliko ya mgonjwa. Walifika.

Kwa yule bibi nilikwenda wiki hiyo hiyo tuliyorudi. Nilimkuta anapepeta mchele kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukunyooka tena. Nilimwambia kila kitu, hata habari ya shati. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mvua ilikuwa inanyesha kweli, mwanangu," alisema. "Lakini mkono ni wangu." Hakuniambia amenisamehe wala hakunifukuza. Nililima shamba lake misimu miwili, na msimu wa tatu aliniambia sasa basi, wajukuu wamekua.

Leo barabara kuu ya kusini ina lami, na vijana wanakwenda Dar es Salaam asubuhi wakarudi usiku. Wengi wanadhani matope ni hadithi za wazee. Lakini mwezi Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo hiyo maeneo ya Somanga, na magari yakapanga foleni pande zote mbili kama zamani. Landrova yetu ilikuwa bado inatembea. Mdogo wangu haendeshi tena, kwa sababu ya bega. Anayeendesha ni binti wa dada yetu, aliyezaliwa mwaka 2002, miaka minne baada ya kaka yake ambaye hatukumpa jina.

Siku zile za kimbunga nilipanda naye kwenda kijiji cha juu, nikakaa kiti cha pembeni, kile alichokaa bibi. Tulipofika kwenye korongo alisimama kabla ya tope, akageuza habu akiwa amelowa mpaka magotini, akapanda, akaingiza fowili, akabonyeza kitufe. Pampu ikaunguruma. Landrova ikapanda polepole, gurudumu la kushoto likaning'inia hewani kidogo, la kulia likatuvuta. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha, kwa kuwa mbele kidogo kuna kona na mwembe bado upo. Sikuwahi kufungua mdomo. Tulipogusa ardhi kavu nilisikia upepo ukitoka, pss, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwake.